Kukodisha studio ya picha Dar: unachouza ni saa

Dar es Salaam wenye kamera nzuri ni wengi kuliko wenye chumba cha kupigia. Utawaona Coco Beach jioni wakigombea jiwe moja, utawaona kwenye ngazi za jengo la watu mpaka mlinzi aje kuwatimua. Mvua ikinyesha, kazi imelala. Hao ndio wateja wangu. Nina studio Sinza, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme, na ninaikodisha kwa saa. Picha sipigi. Mama akinipigia simu, "Dada, nataka picha za bethdei ya mwanangu, anatimiza mwaka," nampa majina ya wapiga picha watatu wanaokodi kwangu, aangalie kazi zao Instagram, achague mwenyewe.

Wengi hilo la kutopiga linawashangaza. Lakini fikiria ungekuwa wewe ndiye mpiga picha. Unamleta mteja wako kwenye chumba cha mtu ambaye naye anapiga, ana bei zake ukutani, anamkaribisha mteja wako soda na kumwachia namba ya simu. Utarudi? Mpiga picha akishahisi kwamba mwenye studio anamvizia mteja wake hasemi kitu, anaacha tu kuja, na grupu zima la WhatsApp linakuwa limejua kabla ya magharibi. Kwa hiyo kabla hujachagua hata rangi ya ukuta, amua: wewe ni mwenye chumba, au ni mshindani wa wanaokodi chumba? Wapo wanaofanya vyote viwili na wanaishi, ila ukiwachunguza utakuta studio yao inakodiwa na wageni, si na watu wa kurudi. Na pesa ya biashara hii iko kwa watu wa kurudi.

Hesabu kwanza, chumba baadaye

Duka la viatu lisipouza leo, viatu vipo kesho. Saa ya studio ikipita tupu, imekwenda. Ukilielewa hilo, mambo mengine yote, kuanzia bei, masharti, matangazo hadi aina ya kiyoyozi, yanakuwa swali moja tu: hii itanijazia saa au itanimalizia?

Chukua chumba kama changu, hesabu za mwezi mmoja. Pango 700,000. Msaidizi 300,000. Umeme 180,000. Intaneti 70,000. Rangi, karatasi na usafi 150,000. Akiba ya kutengeneza na kubadilisha vifaa 200,000, na hii usiiguse hata kama kila kitu bado kipya. Kwa ajili ya leseni na kodi natenga 100,000. Jumla ni shilingi 1,700,000. Bei yangu, nikishatoa punguzo na kamisheni, inaangukia wastani wa 27,000 kwa saa. Maana yake saa 63 zinanirudishia gharama. Nikitaka na mimi nibaki na milioni moja mkononi, nahitaji saa 100.

Sasa angalia upande wa pili. Tunafunga Jumatatu, kwa hiyo mwezi una siku kama 26 za kazi, saa kumi kila siku: saa 260 za kuuza. Hutafuti studio ijae. Unatafuta saa 100 kati ya 260, chini kidogo ya asilimia 40. Watu wanaingia biashara hii wakidhani Jumamosi na Jumapili zitawabeba, lakini wikiendi za mwezi ni siku nane, na hata zikijaa utauza saa sita au saba kwa siku, yaani hamsini na kitu. Pango na msaidizi wamelipwa, wewe bado. Zile karibu 50 zilizobaki lazima zitoke Jumanne hadi Ijumaa, sawa na saa zisizofika tatu kwa siku. Saa tatu za Jumanne asubuhi. Biashara yote inashinda au inaanguka hapo, na nitarudi kwenye hilo nikifika kwenye matangazo.

Fanya hesabu yako kwa pango la mtaa wako. Ukiona unahitaji zaidi ya nusu ya saa zote ndiyo upate mshahara, hicho chumba ni ghali, kiache.

Chumba chenyewe

Dalali atakuonyesha fremu za barabarani zenye mlango wa kioo. Mpiga picha hahitaji kuonekana na wapita njia. Anachohitaji ni urefu wa chumba. Nenda na futi kamba, usiende na macho.

Mtu mzima akisimama wima, na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya miguu, ni mita 2.2 za kuingiza kwenye picha. Kwa kamera ya fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa, na lenzi ya milimita 50, mpiga picha anatakiwa asimame mita tatu kutoka kwa mtu. Kwa lenzi ya 85, ambayo ndiyo wapigaji wa maharusi wanaipenda, ni mita tano na kidogo. Ongeza mita mbili kati ya mtu na ukuta wa nyuma ili kivuli kisiangukie ukutani, ongeza na mita moja ya mpiga picha mwenyewe kusimama bila kubanwa. Kwa lenzi ya 85 unahitaji chumba cha mita nane. Cha mita sita kinafaa kwa lenzi ya 50, picha za bidhaa na mahojiano, na hicho nacho kina soko lake, ila usikitangaze kwa watu wa harusi. Watakuja mara moja, watabana migongo ukutani, hawatarudi.

Upana: karatasi ya nyuma ya kawaida ina upana wa mita 2.72, na taa zinakaa pembeni yake pande zote mbili. Chini ya mita nne utakuwa unaruka stendi. Kimo: mita tatu ndiyo ya chini kabisa. Fremu nyingi zimeshushwa dari kwa jipsamu mpaka mita mbili na nusu, eti ipendeze. Taa yenye oktaboksi, lile boksi la pembe nane la kulainisha mwanga, ya sentimita 120 haiwezi kukaa juu ya kichwa cha mtu mrefu chini ya dari hiyo, na mwanga utagonga dari na kumrudia mtu kutoka kila upande. Muulize mwenye nyumba kama ile jipsamu inaweza kutolewa. Mara nyingi juu yake kuna mita nzima imelala bure.

Madirisha yana somo lake. Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa Ulaya na Marekani, yanasema tafuta dirisha la kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo linalokupa mwanga mpole usiokimbia. Kuanzia Oktoba mambo yanageuka, utaweka pazia jeupe jepesi. Dirisha la magharibi ni adui wa kila mtu: saa tisa alasiri chumba ni tanuri, na rangi ya picha inabadilika kila dakika tano.

Mengine ni ya kuuliza na kusikiliza. Chini yako kuna fundi wa kuchomelea? Jirani yako ni baa, au kanisa lenye spika za kutikisa vioo? Picha haijali kelele, lakini wateja wa Jumanne wengi wanakuja kurekodi sauti. Ngazi ni pana kiasi gani? Gauni la bibi harusi lenye mkia haligeuki kwenye kona ya ngazi ya chuma. Gari linaegeshwa wapi? Nenda kwenye chumba hicho Jumamosi jioni na urudi siku ya kazi asubuhi, utaona nyumba mbili tofauti.

Mwenye nyumba na serikali

Hapa kwa ufupi. Mkataba uwe wa maandishi, wa miaka miwili kama unaweza, na uandikwe ndani yake kwamba unaruhusiwa kutoboa ukuta, kupaka rangi na kufunga kiyoyozi. Atataka pango la miezi sita au mwaka, na dalali atataka la mwezi mmoja la kwake. Viweke kwenye mtaji tangu mwanzo. Kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango: wewe mpangaji wa biashara ndiye unayeikata na kuipeleka TRA. Kubaliana na mwenye nyumba mapema kwamba inatoka kwenye pango lake, maana wengi wakisikia habari hiyo baada ya kusaini wanageuka mbogo. Jina la biashara unasajili BRELA, TIN unapata TRA, leseni unaomba manispaa. Ukiwa navyo ndipo kampuni na mashirika yanaweza kukukodi, kwa sababu mhasibu wao hawezi kukulipa bila risiti.

Kona nyeupe na kona zinazobadilika

Kila mtu anataka ule ukuta mweupe usio na pembe, sakafu inapanda kuwa ukuta bila mstari. Fundi mzuri wa jipsamu anautengeneza kwa plaiwudi nyembamba iliyokunjwa. Mkunjo uwe mpana, angalau sentimita 60 kutoka ukutani. Mfupi zaidi ya hapo unaacha kivuli kama mkanda. Rangi iwe nyeupe isiyong'aa, ya maji. Ya kung'aa inasafishika vizuri lakini inarudisha mwanga kwenye kamera.

Ukuta huo ndio unaokuletea simu na ndio unaokula pesa. Kila soli ya kiatu inaacha alama. Weka zulia mlangoni, weka kitambaa chenye maji na ndoo, na mtu atakayekanyaga na viatu afute soli au avae soksi za plastiki. Hata hivyo sakafu ile utaipaka rangi kila wiki au mbili. Nunua ndoo ya lita 20 ya rangi ileile, usibadilishe kampuni katikati. Nyeupe zinatofautiana, na kamera inaona.

Pembeni ya ukuta mweupe mimi nina kona mbili ndogo ninazozibadilisha kila baada ya miezi miwili hivi. Hii si fasheni ya Instagram. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vya kando ya njia vyenye mapazia ya kuchorwa, meli, ndege, majumba, na walijua kitu ambacho bado ni kweli: mtu akishapigwa kwenye pazia lile, picha nyingine ataitaka kwenye pazia jipya. Kona yangu moja huwa ya msimu. Mkeka, mito na taa za kuning'inia kwa Idi. Kijani na nyekundu Desemba. Kitambaa cha rangi moja na kiti cha mbao kwa mahafali. Gharama yake ni kitambaa cha Kariakoo, rangi na fundi seremala wa siku moja. Kitu kikubwa cha anasa, kama sofa la kifalme la dhahabu, usinunue. Linaonekana kwenye picha za kila mtu, na baada ya miezi mitatu mteja anasema, "Hapo si kwa fulani?" huku akikunja uso.

Vifaa: vichache, visivyokufa

Flashi tatu za wati-sekunde 400 zenye mdomo wa Bowens, yaani aina ya kifungio cha mbele ya taa, zinatosha kuanza, kwa sababu softiboksi za kulainisha mwanga na vikombe vya kuuelekeza vya mdomo huo vinapatikana kirahisi na vinaingiliana. Mimi natumia Godox, si kwa mapenzi, ila wapiga picha wengi wa hapa wanazijua, kwa hiyo msaidizi haamki kila dakika kwenda kufundisha. Ongeza taa mbili za LED kwa ajili ya video, na kwenye boksi hakikisha alama ya CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi zilivyo, ni 95 au zaidi. Za chini ya hapo zinaweza kufanya ngozi nyeusi ionekane ya kijivu, na mteja hatajua kulaumu taa, atalaumu studio.

Triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoamuru flashi iwake, ndiyo kitu kidogo kinachoua saa nyingi. Triga ya Canon imetengenezwa kwa Canon, ya Sony kwa Sony, ya Nikon kwa Nikon. Ukiwa na ya aina moja, siku moja atakuja mtu na kamera nyingine, na mteja wake ameshapakwa mekapu. Nunua tatu tangu mwanzo.

Kwangu zinakaa kwenye trei ya chuma pale mapokezi, kila moja imepakwa doa la rangi ya kucha: nyekundu Canon, bluu Sony, njano Nikon. Msaidizi anaitoa mbele ya mpiga picha, anaifunga kwenye kamera, anapiga flashi moja, pa! Wote wameona inawaka. Hapohapo anapiga picha ya trei kwa simu, saa inaonekana. Mwisho wa muda ni vilevile, kinyume chake: pa! trei, picha. Zoezi hilo halifiki dakika mbili na limeua ubishi wa "nilikuta imeharibika hivyo". Vitu vinavyopotea studio si taa. Ni betri, klipu, kebo, na vibanio vya bakdropu.

Mengine: mifuko ya mchanga kwenye kila stendi, kioo kirefu, kioo cha mekapu chenye taa nyeupe, pasi ya mvuke, reli ya nguo, na chumba cha kubadilishia chenye komeo linalofunga kwa ndani. Kamera za ulinzi weka mlangoni na mapokezi. Chumba cha kubadilishia kisionekane hata kwa pembe ya kamera, na hilo mwambie mteja bila kusubiri aulize. Akina dada wanaokuja kupiga picha za ujauzito wanaliangalia kabla hawajavua viatu.

Umeme na joto

Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye watu sita na taa tatu bila kiyoyozi ni kulipa mekapu mara mbili. Kwa chumba cha mita nane kwa tano nimefunga cha BTU 24,000. Kikifanya kazi kwa nguvu kinaweza kula karibu uniti mbili kwa saa, na uniti ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida wa biashara ndogo inakwenda shilingi 350 na ushee pamoja na makato. Kwa hiyo saa ya ubaridi ni kama shilingi 700. Watu wanaobania hapo siwaelewi. Kiwashwe nusu saa kabla mteja hajafika. Kinasaidia na lenzi pia: unyevu wa Dar ukikaa kwenye kabati lisilopitisha hewa unaotesha ukungu ndani ya vioo.

Umeme ukikatika, usitegemee jenereta peke yake, maana mlio wake unaua kazi za sauti. Mimi nina flashi moja kubwa ya betri, na inveta inayobeba taa za LED, feni na intaneti. Inatosha kumaliza kazi iliyoanza. Sharti letu liko wazi: umeme ukikosekana na kazi ikashindikana, saa zako zinabaki, unapangiwa siku nyingine, pesa hairudi. Na funga kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, kwenye soketi za taa, siyo kwenye friji tu.

Bei na masharti

Bei zangu: siku za kazi 25,000 kwa saa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu 35,000, na muda usipungue saa mbili. Kifurushi cha asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi, saa tatu kwa 60,000. Taa zimo ndani ya bei. Najua wapo wanaotoza chumba peke yake, kila taa peke yake, karatasi peke yake, na mteja akipiga hesabu jioni anajiona ameibiwa hata kama jumla ni ileile. Mimi natoza pembeni vitu viwili tu: karatasi inayochafuliwa, kwa mita, na kupaka upya sakafu nyeupe ikiwa mtu ameleta unga, rangi au keki ya kurushiana. Vya kumetameta vile vidogo nimekataa kabisa. Vinakaa kwenye zulia mwaka mzima, na vinatokea kwenye picha ya mchungaji wa watu.

Muda uliobuku unahesabika kuanzia saa uliyoandika, pamoja na kupanga na kupangua. Mpiga picha mgeni siku zote anadhani saa mbili zinamtosha, halafu dakika arobaini zinaishia kwenye mekapu. Mshauri aongeze saa moja, au mpambaji afike mapema akae mapokezi, hapo hatumhesabii. Kati ya mteja na mteja acha nusu saa. Bila hiyo nusu saa, aliyechelewa saa nne asubuhi atakuharibia mpaka wa saa kumi na mbili jioni.

Na hapo kwenye saa kuna mtego. Mteja anaandika "nakuja saa 10", akiwa na maana ya alasiri. Kalenda ya simu inasoma saa nne asubuhi. Kwa hiyo kila bukingi tunaijibu kwa maneno yaleyale, na neno la asubuhi, alasiri au jioni halikosi, pamoja na saa ya kwenye simu. Ujumbe wetu ni huu, unaweza kuuchukua ulivyo:

"Habari ya leo. Tumekuwekea studio Ijumaa, kuanzia saa 4 kamili asubuhi, kwenye simu yako ni 10:00, hadi saa 7 mchana. Jumla 75,000. Ili nafasi iwe yako, lipia nusu, 37,500, kwa Lipa Namba kabla ya leo saa 2 usiku. Iliyobaki unamalizia ukifika. Kuhamisha siku ni bure ukitujulisha saa 24 kabla. Baada ya hapo nusu uliyolipa haihamishiki. Watu wasizidi wanane. Kamera yako ni aina gani, tukuandalie triga?"

Swali la mwisho linaonekana dogo. Akishajibu "Sony", ameshajiona yuko studio, na mtu wa namna hiyo haghairi ovyo.

Kuhusu nusu ya malipo, usilegeze kwa rafiki, jirani, wala mtu mwenye wafuasi wengi. Hasa mwenye wafuasi wengi. "Nitakutangaza" hailipi LUKU. Kwa wanaokodi kila mwezi ninauza saa kumi kwa 220,000, zitumike ndani ya siku 60, siku za kazi tu. Wanapenda kwa sababu wanaweza kumpangia mteja wao bila kuniuliza bei kila mara, na mimi pesa imeingia kabla.

Kutafuta watu wa Jumanne

Wikiendi inajitangaza yenyewe. Wanaohitaji siku za kazi hawajiiti wapiga picha, ndiyo maana matangazo ya studio nyingi hayawafikii. Ni dada anayeuza abaya mtandaoni, mzigo mpya umeingia na anatundika nguo kwenye hanga mlangoni kwake kuzipiga. Ni muuza viatu wa Kariakoo, mshonaji wa vitenge, mtengeneza sabuni na mafuta ya nywele. Ni vijana wa podikasti, mwalimu anayerekodi masomo ya kidato cha nne, ofisi inayotaka picha za wafanyakazi wote zifanane. Hawa wanakuja asubuhi, hawana mapambo, wanamaliza, na mzigo ukiingia tena wanarudi.

Nenda walipo. Mimi nilitembea maduka ya nguo nikiwa na picha mbili kwenye simu: gauni moja limepigwa kwenye hanga dukani, na lilelile limepigwa studio na mtu amelivaa. Sikuwa na maneno mengi. Niliuza kifurushi cha asubuhi pamoja na mpiga picha kijana anayetaka uzoefu; dukani wanamlipa yeye, studio wananilipa mimi. Maduka mawili au matatu ya jirani wakigawana asubuhi moja, bei inakuwa nauli tu.

Kwa wapiga picha wenyewe, kinachofanya kazi kwangu kuliko tangazo lolote la kulipia ni ujumbe wa Jumapili jioni. Unakwenda kwa orodha ya waliowahi kukodi, una mistari mitatu: saa zilizo wazi wiki hii, bei, kona mpya kama ipo. Hauna picha kumi, hauna maombi wala salamu ndefu. Watu wanapanga wiki yao Jumapili usiku; wakute jina lako hapo.

Wapambaji ni mlango mwingine. Bibi harusi na mwenye send-off humuuliza mpambaji wake kila kitu, na mpambaji akisema "nendeni pale kuna kioo kizuri na AC" wamekwenda. Nawapa asilimia 10 ya kila bukingi waliyoleta, siku ileile, kwa simu, bila kukumbushwa.

Instagram na ramani ya Google ni lazima, lakini angalia unaweka nini. Picha za wateja warembo zinamtangaza mpiga picha, wewe zinakuacha palepale. Weka chumba kitupu, mtu mmoja amesimama katikati ili ukubwa uonekane, na vipimo vimeandikwa: urefu, upana, kimo. Weka video ya kutoka daladala inaposhusha hadi mlangoni. Weka picha ya ngazi, choo na maegesho. Na bei, ndugu yangu, andika bei. Huu ugonjwa wetu wa "bei njoo DM" unafukuza watu makini na kukuachia wa kupiga soga. Video za nyuma ya pazia waombe wapiga picha wakupe, uwataje kwa jina. Kila utakayemtaja ataisambaza kwa watu wake.

Kabla ya kuweka picha ya mtu, pata idhini ya maandishi, ya mpiga picha na ya aliyepigwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kuna mama mjamzito ambaye mama mkwe wake hajaambiwa bado. Tunayo fomu ya nusu ukurasa mapokezi, ina kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Anayeweka hapana hatumbembelezi.

Misimu

Desemba, Idi, Valentine na miezi ya mahafali utajaa. Pandisha kiwango cha chini kuwa saa tatu, usipandishe bei ya saa. Wakati wa Kwaresima na Ramadhani harusi zinapungua sana, na masika yakishika Aprili hata wa bidhaa wanaahirisha. Hapo ndipo namwita fundi wa kiyoyozi, ndipo napaka ukuta mweupe koti zima kuanzia juu, ndipo nauza taa iliyochoka kabla haijafa kabisa. Jumatatu za Aprili tunafungua kwa ajili ya mafunzo: mpiga picha mzoefu anafundisha taa, wanafunzi kumi na wawili, yeye anachukua ada, mimi nachukua saa zangu kwa bei ya asubuhi. Nusu ya wanafunzi hao huwa hawajawahi kushika flashi ya studio. Kabla hawajatoka, msaidizi anaandika majina na namba zao kwenye orodha ya Jumapili.